Yeyote Atakayeitika

Taa ya kijani ilikuwa inawaka, na haikupaswa kuwaka.

Asubuhi hiyo vibarua waliokuwa wakitafuta bomba lililopasuka walikuwa wameipiga sululu kebo ya intaneti ya mtaa mzima. Majirani walitoka nje wakazungusha simu zao hewani, wakalalamika, kisha wakazoea. Wawili watatu walimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba bosi hawezi kuwapata. Ila katika nyumba ya mwisho wa kichochoro, juu ya kabati la vyombo, kompyuta kuukuu iliyogeuzwa kuwa ruta iliendelea kuwasha taa yake. Taa hiyo ilikuwa na maana moja tu: huko nje kuna anayeniitikia.

Mwenye nyumba alikuwa mchapaji. Kazi yake ilikuwa kusikiliza sauti za madaktari kwenye vidude vya masikioni na kuyachapa maneno yao, hapo hapo mezani kwake, sufuria ikichemka nyuma yake. Mumewe aliendesha malori ya safari ndefu na alifika nyumbani kama mshahara, yaani kwa kuchelewa na kwa kukaa kidogo. Basi aliishi na binti yake mdogo ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa alianza kusema akifumbua macho na hakuacha hata akiyafumba. Huyo Chiriku ndiye aliyekuwa kelele ya nyumba, redio ya nyumba na furaha ya nyumba.

Mchapaji alimpigia simu mdogo wake wa kiume, fundi wa mitandao aliyejulikana kwa jina la Waya. Ilibidi apige, apige tena, na apige tena. Waya alikuwa hivyo tangu utotoni. Mama yao alikuwa mkali wa adabu: msichana akiitwa aseme "Abee," mvulana aseme "Naam," tena kwa wito wa kwanza. Dada mtu alishika. Waya alichapwa mpaka mama akachoka yeye, na alikua vile vile, mtu wa kuitwa mara tatu.

"Waya, ruta yako imerukwa na akili," dada alisema alipopatikana. "Kebo imekatwa, hakuna kinachofunguka, lakini taa inasema mambo shwari."

"Taa imekwama tu, dada. Izime uiwashe."

"Nimeizima. Imewaka tena. Halafu..." Alishusha sauti. "Chiriku haongei tangu jana."

Waya alicheka. "Si ushukuru? Masikio yamepata likizo."

"Waya. Njoo."

Alimjua dada yake, hakuwa mtu wa kutishika na upepo. Akabeba mkoba wake wa vifaa akaenda.

Alimkuta Chiriku ameketi sakafuni chini ya kabati, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele. Siku nyingine mtoto yule angemrukia mjomba wake mlangoni, ampekue mifuko, amsimulie kisa cha paka wa jirani mwanzo hadi mwisho na kukirudia. Sasa hakugeuza hata shingo. Midomo yake ilitikisika kidogo, ikatulia, ikatikisika tena.

"Chiriku wa mjomba," Waya alimwita. "Hakuna shikamoo leo?"

Mtoto hakumwangalia.

"Anakula?" aliuliza.

"Anakula, analala. Nimempeleka zahanati, wamemwangalia koo, wanasema koo zima." Dada alikuwa akinong'ona ndani ya nyumba yake mwenyewe. "Na hiyo harufu unaisikia?"

Waya aliisikia. Jikoni palinukia kisima, kisima kilichofunikwa miaka mingi ambacho mtu ametoka kukifunua. Aliinua macho kutafuta bomba linalovuja. Dari lilikuwa kavu, sakafu ilikuwa kavu, na sinki lilikuwa kavu.

Ruta ile aliitengeneza mwenyewe. Aliipata kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, akaifuta kila kilichokuwamo, akaiwekea mfumo wa Linux, na ndani yake akaweka mlinzi. Mlinzi huyo si mtu, ni programu ndogo. Kazi yake ni kuita: kila baada ya kitambo huita mashine moja ya mbali, na mashine ile ikiitika, basi mtandao uko hai na taa inawaka. Isipoitika, mlinzi huizima ruta na kuiwasha upya. Na mlinzi hupima muda ambao jibu limechukua njiani, ndipo fundi hujua anayeitika yuko mbali au karibu.

Waya aliunganisha skrini akatazama. Mlinzi alikuwa akiita, na alikuwa akiitikiwa, bila kukosa hata mara moja.

"Kebo imekatwa wapi?" aliuliza.

"Hapo nje ya lango. Ncha zake unaziona."

Alitoka akaziona ncha, zimechanika, zimelala topeni. Aliporudi alilifungua faili la mlinzi ili aone ni mashine gani inayoitika bila njia ya kufikiwa. Mahali pa jina la mashine palikuwa patupu.

Hapo ndipo alipokumbuka. Wiki chache nyuma, mashine ya kampuni iliyokuwa ikiitwa ilikuwa imeanza uvivu, na mlinzi akawa anaizima ruta dada akiwa katikati ya kazi. Waya alikuja akalifuta jina la mashine ile, akakaa akiwaza aweke jina gani badala yake. Chiriku alikuwa amemning'inia shingoni.

"Mjomba, hiyo inamwita nani?"

"Yeyote atakayeitika," alimjibu kwa mzaha.

Dada akawaita mezani, chakula kinapoa. Waya alihifadhi faili kama lilivyokuwa, akanawa mikono, akala, akasahau. Programu yenye akili zake ingegoma kumwita asiyetajwa. Hii haikugoma. Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa ikiita gizani, mchana na usiku, bila kutaja jina la mtu.

Hakumwambia dada yake. Alimwambia, "Nitaitafuta hitilafu," akapandisha mikono ya shati.

Waya alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na ndiyo aliyowafundisha mafundi wote waliopita mikononi mwake: tatizo halifukuzwi, linapunguziwa marafiki. Ondoa kitu kimoja, tazama. Ondoa kingine, tazama. Kile ambacho ukikiondoa tatizo linaondoka nacho, ndicho.

Alichomoa kebo ya nje. Mlinzi akaita, akaitikiwa. Alizima simu ya dada, kisha yake. Akaitikiwa. Alizima kompyuta ya kazi, runinga, hata saa ya ukutani iliyokuwa na betri, ambayo haikuhusika na chochote, lakini mkono ulishaanza kwenda mbele ya akili. Akaitikiwa. Na kila alipoondoa kitu, muda wa jibu ulipungua. Aliyekuwa akiitika kama aliye ng'ambo ya bahari sasa aliitika kama aliye mji wa jirani, kisha kama aliye mtaani, kisha kama aliye ndani ya kuta hizi hizi.

"Nini?" dada aliuliza, maana alimwona ameganda mbele ya skrini.

"Anakaribia," alisema Waya, na papo hapo akatamani angesema neno jingine.

Chiriku alikuwa amepitiwa na usingizi pale pale chini ya kabati, kama alivyozoea kila alasiri. Nyumba ilikuwa kimya, na katika kimya hicho, kwa mara ya kwanza, walisikia kile ambacho midomo yake ilikuwa ikifanya tangu alipoacha kuongea. Taa ya kijani ilipepesa, mlinzi ameita. Na mtoto, macho yamefumbwa, akasema kwa sauti ndogo ya adabu:

"Abee."

Taa ikapepesa.

"Abee."

Dada alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Waya alisimama na waya mkononi, akamtazama mtoto, akatazama skrini, akamtazama mtoto. Kulikuwa na kitu kimoja ambacho alikuwa bado hajakiondoa ndani ya nyumba.

"Dada," alinong'ona, "kaa hapa. Usome huo mstari wa chini, uniambie unavyobadilika. Usiulize kitu."

Alimwinua Chiriku taratibu. Alikuwa mzito kuliko alivyopaswa, mzito na wa baridi, na nguo zake zilikuwa zimejaa ile harufu ya kisima.

"Karibu," dada alisoma.

Alitembea naye hadi ukumbini.

"Mbali kidogo."

Alipita mlango, akashuka ngazi ya mbele, na mtoto mabegani mwake akaendelea kuitika, abee, abee, kila mara kwa unyonge zaidi, huku sauti ya dada ikimfuata kutoka dirishani, mbali, mbali zaidi, na Waya akazidi kwenda, asithubutu kukimbia na asithubutu kusimama, mpaka alipolivuka lango na kukanyaga zile ncha za kebo zilizolala topeni, na dada akapiga ukelele kutoka jikoni:

"Hakuna! Waya, imekata! Hakuna anayeitika!"

Chiriku alifumbua macho. Alimwangalia mjomba wake kama aliyekuwa safarini siku nyingi.

"Mjomba, nimechoka," alisema, na ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Naitwa, naitwa, naitika, halafu naitwa tena. Na yule mwingine hana mdomo, ndiyo anatumia wangu."

Dada alikuja mbio akamnyakua mtoto, akambusu, akalia, akasema mambo mengi yasiyo na mpangilio: watahama, wataiacha nyumba, vyombo vibaki, watakwenda kwa Waya leo leo. Waya akarudi ndani kuizima ile mashine. Alichomoa umeme. Feni yake ikazunguka kwa uchovu, ikasimama. Taa ya kijani haikuzimika. Na kwenye skrini, ambayo nayo haikuwa na umeme, mstari wa chini uliongezeka, na Waya aliyeishi kwa kusoma mistari ile aliusoma mara mbili kwa sababu hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho, wala hakuna fundi aliyewahi kukiona: jibu lilikuwa limefika kabla ya wito. Aliyekuwa akiitika hakuhitaji tena kusubiri aitwe, na kama hakuhitaji kusubiri basi hakuhitaji njia, wala umeme, wala mtoto kuwa karibu. Na kabla Waya hajapata nguvu za kugeuka alimsikia Chiriku, huko nje ya lango, mikononi mwa mama yake, katikati ya neno alilokuwa akilisema kwa furaha, akikatika na kuanza upya.

"Abee. Abee. Abee."

Kulikuwa na mganga mtaa wa pili. Alikuwa mshonaji, wakimwita Mama Cherehani, na wateja wake wa mambo hayo aliwapokea akiwa kazini, mguu juu ya kanyagio, tepu shingoni. Walimweka Chiriku juu ya rundo la vitambaa. Mganga alimtazama machoni, akamnusa nywele, kisha akarudi kwenye sare ya shule aliyokuwa akiipinda.

"Mlimwita nani?" aliuliza.

"Hatukumwita mtu, mama," alisema dada.

"Nimemuuliza huyu," alisema mganga, akimwelekezea Waya kidole.

Waya alisema yote. Alieleza mlinzi, na jina lililofutwa, na mzaha, na chakula kilichokuwa kikipoa. Dada alimsikiliza bila kumtazama. Hakumtukana, na Waya angependa atukanwe.

"Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mama Cherehani. "Lakini mgeni mwenyewe humtaja. Ukiita bila jina, anakuja asiye na jina. Huko waliko wako wengi, hawajaitwa tangu dunia iumbwe. Huyu wenu amesikia anaitwa, tena anaitwa bila kuchoka. Amedhani anapendwa. Akataka kuitika, hana mdomo, akaazima wa aliyezoea kuitika kwa wito wa kwanza."

Dada aliinamisha kichwa. Ni yeye aliyemfundisha Chiriku ile adabu, kama alivyofundishwa na mama yake.

"Mfukuze," alisema. "Nakuomba, mama. Chochote unachotaka."

"Hafukuzwi. Hakuingia kwa wizi." Cherehani ilinguruma kidogo, ikanyamaza. "Wito ukishatoka haurudi. Unachoweza ni kuupa mwenye jina. Ile nafasi tupu iandikwe jina, na aandike yule yule aliyeifuta. Atamwacha mtoto, atakwenda kukaa kwa aliyetajwa."

"Na tukimtaja mtu mbaya?" aliuliza dada.

"Mtu mbaya naye ana dada."

Chiriku aliitika juu ya vitambaa. Hatimaye Waya aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Na akitajwa mtu, inakuwaje kwake?"

Mganga alikata uzi kwa meno. "Ataitika," alisema. "Kila atakapoitwa, na kila mtu atakapotaka kumwita. Huyu mtoto alikuwa mlango tu. Mwenye jina anakuwa nyumba."

Walirudi jua likiwa linashuka. Njiani Waya alimwambia dada yake asiwe na wasiwasi, amepata pa kumtupa huyo mgeni. Ataandika jina la mashine ya kampuni ya intaneti, ile iliyoanza uvivu.

"Nao waonje," alisema. "Wataitwa usiku kucha, waone raha ya kusubiri kwenye laini."

Dada alicheka, kicheko kidogo kilichochanganyika na kamasi, na Waya akafurahi kwamba amemchekesha. Alimpenda sana dada yake, na siku ile alimpenda kuliko siku zote.

Alimwomba abaki sebuleni na mtoto. Aliingia jikoni peke yake. Harufu ya kisima ilikuwa nzito kiasi cha kulowesha koo, na juu ya kabati mashine isiyo na umeme ilikuwa ikimsubiri na faili limefunguliwa, ingawa hakulifungua yeye, na kidoti cha kuandikia kikipepesa pale pale patupu. Aliweka vidole juu ya kibodi. Aliandika herufi za kwanza za jina la mashine ya kampuni, na kutoka sebuleni Chiriku akaitika kwa nguvu zaidi, haraka zaidi, abee abee abee, kama anayemcheka. Waya akazifuta. Alijua tangu kwa mshonaji kwamba mashine si mtu, na mgeni yule hakusubiri karne zote hizo ili akakae kwenye ofisi. Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe walikuwa wamemaliza maneno.

Basi akaandika jina ambalo hakuna aliyelitumia tangu mama yao azikwe, jina lake mwenyewe, la kuzaliwa, lile ambalo mama alilazimika kuliita mara tatu. Akahifadhi faili.

Taa ya kijani ikazimika. Sebuleni zile abee zikakatika, na sauti ya Chiriku ikapasuka:

"Mama, nina njaa. Mama, mbona unalia? Mama, unajua yule paka wa jirani ana kidonda, mimi nilimwona kabla ya watu wote, alikuwa juu ya ukuta, halafu akanifanyia hivi!"

Waya alitoka akiwa na mashine kwapani. Alimpapasa Chiriku kichwa, akasema lazima awahi, ana kazi. Hakukaa kula. Dada alimwona akipita langoni, na alidhani amemsikia akisema kitu huko gizani, neno moja fupi, lakini hakukuwa na mtu wa kuambiwa.

Kebo ilirekebishwa. Dada alinunua ruta ya dukani, ya plastiki, isiyojua kumwita mtu. Madaktari walirudi masikioni mwake, na Chiriku akaongea mpaka majirani wakaomba msaada. Hata harufu ilikwisha. Shida ikawa Waya tu, hakutokea, na siku zilivyopita dada alianza kuwa na wasiwasi naye. Alasiri moja, mtoto akiwa amelala, alifuta mikono, akavuta kiti, akanyoosha mkono kuichukua simu iliyokuwa upande wa pili wa meza. Alijiandaa kwa kawaida yake: atapiga, atapiga tena, na atapiga tena. Ngoja nimwite Waya, aliwaza.

"Naam, dada."

Simu ilikuwa haijaguswa, skrini yake nyeusi. Sauti ilitoka humo, au nyuma ya kabati, au sikioni mwake kabisa. Ilikuwa ya mdogo wake, na ilikuwa na unyevu.

"Waya?" alinong'ona. "Uko wapi?"

"Naam, dada," ilisema sauti, lakini ilisema kabla hajamaliza kuuliza, na tena kabla hajaanza kulia, na tena, na kila mara ilikuwa imechoka zaidi, kama ilivyokuwa imechoka sauti ya Chiriku chini ya kabati, na hapo ndipo mchapaji alipoelewa ni jina gani lililoandikwa jikoni, na kwamba kila anapomkumbuka nduguye anamwamsha, anamwinua alipolala, anamlazimisha aitike.

Akarudisha mkono. Akaufunga mdomo. Tangu siku hiyo anachapa mchana kutwa, anafua nguo safi, anamwambia Chiriku asimulie tena kile kisa cha paka, mwanzo hadi mwisho, apate kitu cha kujaza kichwani. Anajitahidi asimkumbuke. Ndilo jema pekee alilobaki nalo la kumfanyia, na hushinda vizuri, saa baada ya saa, mpaka mahali fulani mtaani mama fulani amwite mwanawe wa kiume, na mtoto achelewe kuitika.

"Naam, dada."